Wasomaji Wanauliza: Mbona Lear Wangu Anakufa Tofauti na wa Mwenzangu?

Mwezi huu barua zimejaa tamthilia za Uingereza za enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza na Mfalme James, yaani wakina Shakespeare, Marlowe, Ben Jonson na Webster. Nimefurahi sana maana ndo kazi yangu ya kila siku. Zilizonigusa nimezijibu kwa kirefu, zingine nimezipitia haraka, mnivumilie.

Mwalimu shikamoo. Niko mwaka wa pili, tunasoma King Lear. Kwenye insha nimeandika kwamba maneno ya mwisho kabisa ya tamthilia yanasemwa na Albany, mkwe wa mfalme Lear, na hoja yangu nzima nimeijenga hapo. Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja kaandika ni Edgar. Tumebishana usiku mzima, kila mtu kafungua kitabu chake na kila mtu kakuta yuko sahihi! Sasa nani kakosea?

Marahaba mdogo wangu. Hamna aliyekosea, ila wote wawili hamjaangalia vitabu vyenu vimefuata chapa gani. King Lear zipo mbili. Ya kwanza ilichapwa 1608, kijitabu cha saizi ile inaitwa kwarto, karatasi kubwa moja inakunjwa mara mbili. Ya pili imo kwenye Folio ya 1623, lile buku kubwa walilokusanya John Heminges na Henry Condell, waigizaji wa kundi lake Shakespeare, miaka saba baada ya yeye kufa. Ya 1608 ina mistari kama 300 hivi ambayo Folio haina, Folio nayo ina kama 100 ambayo ya 1608 haina, na hapo bado hatujahesabu maneno mojamoja yaliyobadilika, ambayo ni mamia.

Hiyo hotuba ya mwisho, ile ya kuubeba uzito wa wakati huu wa huzuni, kwarto inampa Albany na Folio inampa Edgar. Albany ndo mwenye cheo kikubwa kuliko wote waliobaki hai, kwa hiyo kwenye kwarto ni kawaida mkubwa afunge kikao. Folio ikimpa Edgar inakuwa kama inatuambia nchi sasa iko mikononi mwa huyu kijana aliyepita kwenye mvua na uchi na uwendawazimu wa kujifanya. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na hoja yako mdogo wangu inasimama, ila inasimama kwenye kwarto tu.

Lakini mi ningewaomba msiishie hapo, rudini nyuma kidogo pale Lear anapokufa, maana ndo penyewe. Kamshika binti yake Cordelia, kafa. Kwenye kwarto anasema "never" mara tatu, anaomba afunguliwe kifungo, anashukuru, halafu anatoa mlio tu, o, o, o, o, na maneno yake ya mwisho ni kuuambia moyo wake upasuke. Anajua mtoto kafa na anaomba na yeye afe. Kwenye Folio "never" zinakuwa tano, mstari mzima ni neno moja, na huo mlio haupo, badala yake anasema tazameni midomo yake, tazameni pale, pale! halafu anakufa. Kaona nini? Kaona midomo inacheza? Kafa na furaha ya uongo au kaona ukweli ambao sisi hatuuoni? Na ule mstari wa moyo kupasuka bado upo, ila sasa anausema Kent, mtumishi wake mwaminifu, aliyesimama pembeni anaangalia. Mzee mmoja, mtoto mmoja amekufa, vifo viwili tofauti. Nimefundisha hicho kipande miaka mingi na bado sauti inanikatika pale.

Kwa miaka mingi sana wahariri walikuwa wanazichanganya hizo mbili wanatoa King Lear moja ndefu ambayo kwa uhakika hatuna ushahidi kwamba iliwahi kuchezwa hivyo, mpaka chapa ya Oxford ya 1986 ikaamua kuziweka zote mbili, kila moja na mahali pake. Kama Shakespeare mwenyewe ndo alirekebisha au ni kundi lake au vyote kwa pamoja, wataalamu bado wanabishana. We kwenye insha yako andika sentensi moja mwanzoni useme unafuata chapa ipi, basi, halafu mwambie mwenzako naye afanye hivyohivyo. Mkiweza andikeni pamoja insha ya tatu, kuhusu hiyo tofauti.

Mimi lugha ndo inanishinda. Mstari mmoja dakika kumi. Kuna vitabu vinaweka Kiingereza cha leo ukurasa wa pembeni, nitumie au nitakuwa nadanganya?

Tumia, hamna udanganyifu hapo, ila soma kwanza mstari wenyewe, kwa sauti, hata kama huelewi, ndo uende pembeni. Ukianza pembeni hutorudi.

Na nikwambie kitu, maneno magumu sio adui yako. Neno gumu unaliona, unasimama, unatafuta maana. Hatari iko kwenye maneno unayodhani unayajua. Hamlet anapotaka kumfuata mzuka wa baba yake, wenzake wanamshika, anasema atamfanya mzuka mtu yeyote "that lets me". Ukisoma kwa Kiingereza cha leo utadhani anasema atamuua anayemruhusu! Kumbe "let" hapo ni kuzuia. "Presently" kwao mara nyingi ni sasa hivi, mara moja, sio baadaye kidogo. "Wherefore" ni kwa nini, Juliet haulizi Romeo yuko wapi, anauliza kwa nini uwe Romeo, kwa nini uwe wa ukoo ule. Kwa hiyo neno jepesi likikaa vibaya kwenye sentensi lishuku.

Halafu kuna "thou" na "you". Walimu wengi wanapita hapo wanasema tu ni wewe ya zamani, na mi naona ni hasara kubwa. Kwa kawaida "you" ni ya heshima au ya watu walio sawa, "thou" ni kwa mtoto, mpenzi, mtumishi, Mungu, au mtu unayemdharau. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunalijua hili bila kufundishwa, mtu aliyekuwa anakuamkia shikamoo kila asubuhi siku moja akapita akasema "we mzee vipi", hujahitaji maelezo, unajua kuna kitu kimevunjika. Ndo anachofanya Kent mbele ya Lear, anamwita mfalme "thou" na "old man" barazani watu wote wanasikia.

Ila kipande ninachokipenda kuliko vyote ni Hamlet chumbani kwa mama yake. Mama anaanza na "thou", kama mama anavyosema na mtoto, umemkosea sana baba yako, akimaanisha Claudius, baba yake wa kambo. Hamlet anajibu na "you", mama, wewe ndo umemkosea sana baba yangu. Sentensi ileile kairudisha kama kofi, na heshima yake baridi juu. Na mama mstari unaofuata anahama, anaacha "thou" anaenda "you". Mlango umefungwa hapo, mistari mitatu tu, na ukisoma ukurasa wa pembeni pekee huoni kitu maana Kiingereza cha leo kina "you" peke yake.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha Macbeth sekondari na darasa linasinzia. Nimewaonyesha filamu, nimewapa muhtasari, nimechora ramani ya wahusika. Nifanye nini?

Pole sana mwalimu mwenzangu, hiyo hali naijua. Nitakwambia nilichofanya mimi, na kilichonisukuma ni jinsi hizo tamthilia zilivyokuwa zinafanyiwa kazi wakati wao.

Mwigizaji wa London miaka ya 1590 alikuwa hapewi tamthilia nzima. Kunakili kwa mkono ni kazi na gharama, na pia kundi halikutaka nakala nzima izagae. Alipewa mistari yake tu, na kabla ya kila kipande cha mistari yake anaandikiwa maneno mawili matatu ya mwisho ya mtu anayemtangulia, maneno ya kudakia. Hajaandikiwa ni nani anayesema, hajui atasubiri muda gani. Karatasi zinaunganishwa zinakuwa msokoto mmoja mrefu. Msokoto mmoja wa hivyo bado upo mpaka leo, wa Edward Alleyn, nyota wa kundi la waigizaji lililoitwa la Admiral, alipocheza Orlando kwenye tamthilia ya Robert Greene, umehifadhiwa Dulwich, kwenye chuo alichokianzisha Alleyn mwenyewe 1619. Na makundi haya yalikuwa yanabadilisha tamthilia karibu kila siku, leo hii kesho ile, muda wa mazoezi ya pamoja ulikuwa mdogo mno. Kwa hiyo mwigizaji jukwaani alikuwa ANASIKILIZA kwelikweli, maana akilala kidogo zamu yake inapita.

Sasa chukua Macbeth tendo la pili onyesho la pili, amerudi kutoka kumuua mfalme Duncan, mikono ina damu. Kata karatasi mbili. Ya mke ina mistari yake tu, ya mume yake tu, na maneno ya kudakia. Chagua wanafunzi wawili ambao hawajasoma hapo, wasimamishe mbali, kila mtu na karatasi yake, wengine wakae kimya kabisa. Pale katikati wana maneno mojamoja: hukusema kitu? lini? sasa hivi. nilipokuwa nashuka? ndiyo. Kwenye kitabu inaonekana mazungumzo ya kawaida. Ukiwa na karatasi ya nusu hujui mwenzako atasema nini, unadakia neno moja "when", unatupa neno lako moja, unasubiri, na hofu inaingia yenyewe, hujamfundisha mtu kuogopa. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo darasa langu lilinyamaza kiasi kwamba tulisikia mtu anatembea nje, na kijana aliyekuwa anacheza Macbeth akaniuliza mwalimu, kwani kuna mtu mwingine humu ndani? Hilo swali ndo Macbeth mwenyewe analouliza, nani amelala chumba cha pili.

Usiwaambie maana kabla. Maana itakuja baada ya mara ya tatu, wataanza wenyewe kusema hapana hapo umewahi, hapo ulitakiwa umwangalie. Hapo ndo ulete mizani: sasa hesabuni silabi, mstari wa kawaida ni silabi kumi, moja legevu halafu moja ya kukandamiza, hivyohivyo mpaka mwisho, hao wawili wamegawana mstari mmoja vipandevipande, mnaona kwa nini hawawezi kuvuta pumzi? Wakishaihisi mwilini mizani haiwasumbui. Ukianza na mizani ubaoni, mwalimu mwenzangu, hata mi nitasinzia.

Na wakumbushe ilikuwa mchana kweupe. Globe ya 1599 ilikuwa wazi juu, onyesho ni alasiri, waliolipa peni moja wamesimama uani mpaka mwisho, na usiku wa Macbeth ulitengenezwa kwa maneno na mienge tu. Kwenye orodha ya mali ya 1598 ya Philip Henslowe, mwenye ukumbi wa Rose, kuna mdomo wa jehanamu, kuna mji wa Roma, na kuna joho la kutoonekana. Joho! Mtu analivaa mbele ya mamia ya watu wanaomwona vizuri, na wote wanakubaliana kwamba haonekani. Waulize wanafunzi joho hilo lilikuwa na rangi gani. Utapata kipindi kizima.

Hivi Shakespeare aliandika yeye kweli?

Ndiyo. Waigizaji wenzake walikusanya kazi zake kwa jina lake, Ben Jonson aliyemfahamu akaandika shairi la kumsifu mwanzoni mwa Folio, na wosia wake wa 1616 unawataja Heminges, Condell na mwigizaji mwenzao Richard Burbage, kila mmoja pesa ya kununua pete. Ila kitu kinachostahili muda wako ni kwamba waandishi wengi wa enzi hiyo walikuwa wanaandika kwa kushirikiana, wawili, watatu, hata watano kwenye tamthilia moja, na daftari la Henslowe limejaa malipo ya namna hiyo. Shakespeare naye alishirikiana na wengine, mfano John Fletcher. Swali la nani aliandika kipande gani lina utamu wake, hilo fuatilia.

Tunafundishwa wanaume tu. Dada zetu hawakuandika enzi hizo?

Dada, waliandika, na silabasi inayowaacha ina pengo. Jukwaani London kwenye makundi ya kulipwa wanawake hawakuigiza, nafasi zao zilichezwa na wavulana mpaka Bunge lilipofunga kumbi 1642, wanawake wakaingia baada ya ufalme kurudishwa 1660. Lakini kwenye karatasi walikuwepo. Anza na Elizabeth Cary, The Tragedy of Mariam, 1613, tamthilia ya kwanza ya mwanamke iliyoandikwa moja kwa moja kwa Kiingereza na ikachapwa. Mke wa Herode anasikia mumewe kafa, hajui alie au afurahi, na tamthilia nzima inauliza mwanamke ana haki ya kusema hadharani au hana. Isomeni bega kwa bega na Othello, Desdemona na Mariam wote wanauawa kwa wivu wa mume, ila Mariam hanyamazi. Halafu Aemilia Lanyer 1611, ushairi wake unamtetea Hawa kwa hoja kali mno, na Mary Wroth 1621.

Tunasoma The Merchant of Venice na mimi naona aibu kuifundisha, matusi kwa Wayahudi yamejaa. Niiache?

Nilikaa na barua hii siku mbili. Mi siiachi, ila siifundishi kama vichekesho tu, na simtetei Shakespeare. Wayahudi walifukuzwa Uingereza 1290 na hawakuruhusiwa kuishi wazi mpaka miaka ya 1650, kwa hiyo wengi waliosimama uani pale walikuwa na picha ya Myahudi waliyopewa na hadithi na chuki. Na 1594 daktari wa malkia, Roderigo Lopez, mwenye asili ya Kiyahudi, alinyongwa mbele ya umati. Wanafunzi wajue hayo kabla ya kufungua kitabu.

Halafu waulize jina la tamthilia. Mfanyabiashara ni nani? Wengi watasema Shylock, yule Myahudi mkopeshaji, kumbe ni Antonio, aliyekopa kwake. Portia, mwanamke tajiri aliyejifanya mwanasheria, anapoingia mahakamani anauliza yupi mfanyabiashara na yupi Myahudi, yaani kwa macho hawezi kuwatofautisha! Mwalimu Nyerere alipoitafsiri, 1969, aliiita Mabepari wa Venisi, kwa wingi, na hilo neno moja ni usomaji mzima, kwamba Wakristo wa pale nao wanaishi kwa pesa, wanaoa kwa pesa, wana watumwa walionunuliwa, Shylock mwenyewe anawakumbusha hilo mahakamani. Weka jina hilo ubaoni uwaache wabishane.

Ile hotuba maarufu ya Shylock kuhusu Myahudi kuwa na macho, usiikate katikati kama wanavyoikata kwenye mabango. Inaishia kwenye kisasi, anasema nimejifunza kwenu. Na baada ya hukumu, pale anapolazimishwa abadili dini, nyamaza kidogo, usiharakishe kwenda kwenye pete na mwezi na muziki wa Belmont, nyumbani kwa Portia. Darasa litakwambia lenyewe kama yule muziki bado ni mtamu.

Naanza shahada ya pili. Hizo chapa za zamani naziona wapi bila kusafiri, na nianze na ipi?

Kuna hifadhi ya mtandaoni ya Early English Books Online, vyuo vingi vinailipia, na maandishi ya vitabu zaidi ya 25,000 kutoka humo yamekuwa bure tangu 2015. Maktaba ya Folger kule Washington, ambayo ina nakala 82 za ile Folio, inatoa tamthilia zote za Shakespeare bure mtandaoni, na Bodleian ya Oxford imeweka picha za Folio yake ukurasa kwa ukurasa. Macho yatasumbuka wiki ya kwanza, u na v zinabadilishana, i inakaa mahali pa j, s ndefu inafanana na f, wiki ya pili unazoea.

Anza na Hamlet. Chapa ya 1603 ilikuwa haijulikani kabisa mpaka nakala moja ilipookotwa 1823, na leo zipo mbili tu duniani, ni chapa fupi sana, zaidi kidogo ya nusu ya ile iliyofuata, na ile hotuba ya kuwa au kutokuwa inaanza tofauti. Lakini usikimbilie huko, weka ukurasa wa kwanza wa 1603 na wa chapa ya 1604 pamoja mezani. Usiku, baridi, walinzi wawili. Ya 1603 aliye zamu anauliza nani huyo, anayekuja anajibu ni mimi, kama inavyotakiwa. Ya 1604 anayekuja ndo anauliza nani hapo, na aliye zamu anashtuka, hapana, nijibu wewe mimi. Soma zote mbili kwa sauti na mtu mwingine, mzime taa, halafu niandikie mmesikia nini.